Kabla hujalipia meli, uliza habari ya pampasi

Picha ninayoikumbuka zaidi kutoka safari yetu ya kwanza ya meli haina bahari ndani yake. Ni ya kitinda mimba wangu, wakati huo ana miezi 22, amekaa kwenye sakafu ya bafu chumbani kwetu, anachota maji kwa kikombe cha plastiki kutoka kwenye ndoo ya barafu. Juu kuna jua kali, mabwawa, slaidi mbili na muziki. Chini kuna mwanangu na ndoo. Tulilipa dola 4,300.

Tulipandia Galveston, bandari ya hapa Texas, mimi, baba watoto na watoto watatu. Siku ya pili tuko katikati ya bahari, nikamvalisha pampasi ya kuogelea, ile yenye samaki, nilinunua pakiti mbili kabisa. Kabla hajachovya hata kidole, kijana anayelinda bwawa akaja, akachutama, akamsalimia mtoto kwa upole, kisha akanionyesha kibao. Anayevaa pampasi haingii. Pampasi ya kawaida haingii, ya kuogelea haingii, akibebwa na mama yake pia haingii. Kaka na dada yake wakaingia. Yeye akabaki ameshika vyuma vya uzio, anawaita majina mmoja mmoja.

Na klabu ya watoto? Hajafika umri. Basi siku saba mimi na baba watoto tukawa kama walinzi wa geti: mmoja akiingia zamu, mwingine anatoka.

Kampuni siitaji, maana nilipotulia na kusoma nikaona sheria ile si ya kwao peke yao. Meli za kitalii zinazotoka nje na kutia nanga Marekani hukaguliwa na CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kuzuia magonjwa, chini ya mpango wa usafi wa meli ulioanza miaka ya 1970. Wakaguzi wanakuja bila taarifa, alama ni 100, ukipata 85 au chini umefeli, na matokeo yanawekwa hadharani yeyote ayasome. Pampasi ya kuogelea inazuia mzigo usielee, lakini haizuii vijidudu. Kuna kimoja kinaitwa Cryptosporidium, kinaweza kukaa hai zaidi ya siku saba kwenye maji yenye klorini ya kutosha. Mtoto mmoja akiharisha, familia mia zinaugua. Kwa hiyo sheria nimeielewa. Ninachouliza ni hiki: kwa nini aliyeniuzia hakuniambia?

Nilipowasimulia wenzangu kisa hiki, jumbe zilimiminika. Mmoja wa Dallas aliambiwa na wakala wake "wewe sema tu ameshaacha pampasi". Akasema. Siku ya tatu mtoto akajisaidia bwawani. Filimbi ikapigwa, watu wote wakatolewa, bwawa likafungwa, na dada wa watu anapita katikati ya macho ya wageni kambeba mtoto kwenye taulo. Anasema safari yote iliyobaki walikula chumbani.

Kwa hiyo ukitafuta hapa habari za chakula, maonyesho ya usiku na kibaraza cha kuangalia bahari, utanisamehe. Chakula kipo, kingi, utakirudisha mwenyewe kwenye sahani. Wanaokula halali waombe mapema, kwa maandishi, wasisubiri mpaka wafike mezani. Mimi nitapanga meli kwa swali moja: mtoto mwenye pampasi ataoga wapi, na nani atampokea mama yake apumzike?

Namba moja: Disney, na sifichi mapenzi yangu

Najua mtasema huyu dada anajidai. Nilicheza upatu na wenzangu tisa hapa Houston, zamu yangu ilipofika sikununua sofa. Tulikwenda siku nne tu kwa sababu saba zilinishinda, na mtoto bado alikuwa anavaa pampasi.

Meli zao zina uwanja mdogo wa maji kwa ajili ya hawa hawa wenye pampasi za kuogelea. Si bwawa. Ni sakafu laini yenye maji yanayoruka kutoka chini, na kando yake kuna uzio ili wakubwa wasije kuwakanyaga. Maji yake yana mfumo wake wa kusafishwa, hayachanganyiki na ya bwawa, ndiyo maana sheria inaruhusu. Mwanangu alikaa pale saa mbili anajaribu kuziba tundu la maji kwa kisigino. Maji yanapitia pembeni, anacheka, anaziba tena. Mimi nimekaa na juisi yangu. Nikamwambia baba watoto, hapa ndipo hela yangu ilipo.

Kuna pia chumba cha kulelea wachanga, kuanzia miezi 6 mpaka miaka 3. Hicho unalipia kwa saa, na nafasi huisha haraka, kwa hiyo weka oda mara tu mfumo unapokuruhusu, usisubiri kupanda meli. Klabu ya watoto waliovuka hapo inaanzia miaka 3, haina malipo ya ziada.

Jambo jingine ambalo hakuna anayelisema: vyumba vyao vingi vina bafu lililogawanywa mara mbili. Choo na sinki mlango mmoja, pa kuogea na sinki jingine mlango wa pili. Mwenye watoto watatu anajua maana yake asubuhi. Na vingi vina karai la kuogea, yaani mtoto anaoga amekaa. Ndoo ya barafu ikarudia kazi yake ya barafu. Wanavyo pia vyumba vya watu watano, wakati kampuni nyingi ukiwa wa tano unasukumiwa ununue chumba cha pili. Soda za watoto wakati wa chakula hazilipiwi, na wahudumu wa mezani wanahama nanyi kutoka mgahawa mmoja hadi mwingine, kwa hiyo siku ya pili yule kaka alishajua kwamba binti yangu hali kitu chenye jibini.

Ubaya? Bei. Inauma, sina la kuwadanganya. Na Galveston wanakuja kwa msimu tu. Nje ya msimu huo inabidi uende Florida, ukatie tiketi za ndege watu watano.

Namba mbili: Royal Caribbean, lakini nunua meli, usinunue jina

Hapa ndipo watu wanapoingia mkenge. Mtu anakwambia "tulikwenda Royal, watoto walifurahi sana", nawe unakimbilia kulipa. Ulimuuliza meli gani? Kampuni hii ina meli za umri na ukubwa tofauti kabisa. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024 kutoka Miami, ina mtaa mzima wa familia zenye watoto wadogo unaoitwa Surfside, na ndani yake kuna Baby Bay, sehemu ya maji ya wadogo kabisa. Baadhi ya meli zao nyingine nazo zina kona ya maji ya wachanga. Nyingine hazina kitu. Mauzo ni yale yale, tabasamu ni lile lile.

Klabu yao, Adventure Ocean, inaanzia miaka 3, na lazima mtoto awe ameacha pampasi. Hilo neno la pili ndilo linalowaponza wengi. Una mtoto wa miaka 3 na nusu anayejikojolea akinogewa na mchezo? Jiandae kupigiwa simu. Chini ya hapo wana chumba cha wachanga cha kulipia, kwenye meli zenye hicho chumba. Narudia, zenye hicho chumba.

Kwa watoto wa miaka 8 na kuendelea hakuna wa kushindana nao, na kama wanao wote wameshavuka hatua ya pampasi, hawa wapandishe namba moja, mimi nitanyamaza. Ila Icon ikijaa inabeba abiria wapatao 7,600. Foleni ya lifti saa ya chakula cha jioni itakukumbusha kivuko cha Kigamboni kule Dar.

Namba tatu: Carnival, kwa mama anayetaka kulala

Bwawani sheria ni ile ile. Lakini klabu yao, Camp Ocean, inaanzia miaka 2, na wahudumu wanambadilisha mtoto pampasi. Mwaka mmoja wa tofauti unaonekana mdogo kwa asiyelea. Na Carnival Jubilee imekuwa ikitokea Galveston tangu Desemba 2023, inakwenda Cozumel na Mahahual kule Mexico, na Roatán ya Honduras, kwa hiyo mtu wa Houston anaendesha gari lake mpaka bandarini, habari ya ndege haipo. Kuna kelele. Kuna watu wanaoanza bia saa tatu asubuhi. Nimesema.

Za bei rahisi

Kampuni za MSC na Norwegian, na zile safari za siku tatu za dakika za mwisho: uliza swali la pampasi, jibu likikuridhisha nenda. Tangazo la "watoto bure" lisikutoe mate, kodi na ada za bandari za huyo mtoto wa bure utalipa. Ndiyo hivyo.

Sasa nije kwenye bei, maana hapa roho inanichemka. Tangazo linasema "kuanzia dola 599". Hiyo ni kwa mtu mmoja, mkiwa wawili chumbani, chumba cha ndani kisicho na dirisha, mwezi ambao watoto wako shuleni. Ukigusa likizo ya Machi ya shule za Texas, bei inaruka juu. Zamani hata kodi na ada za bandari zilikuwa zinafichwa mpaka ukurasa wa mwisho. Afadhali sheria ya California ya Julai 2024 iliwabana, na kampuni kubwa zikaanza kuonyesha bei yenye kodi ndani yake nchi nzima. Lakini bakshishi bado iko nje. Nayo ni bakshishi ya jina tu, maana inakatwa kila siku kwa kila kichwa. Ikiwa dola 17, familia ya watu watano kwa siku 7 ni dola 595. Kampuni nyingine zinawasamehe watoto wadogo kabisa, nyingine zinamhesabu hata wa kwenye kigari. Uliza. Bado hujalipia maegesho Galveston, bado intaneti.

Na hawa mawakala wetu, ndugu zangu. Anayeniuzia ni mtu wa kwetu, tunaonana harusini, ananiita dada. Nilimuuliza kama safari inamfaa mtoto mdogo, akanijibu "dada, kila kitu kimo humo". Kila kitu! Niliporudi nikampigia, akasema sheria ya pampasi imeandikwa kwenye masharti. Masharti yenyewe kurasa 30. Kamisheni yake inatoka kwenye tiketi yangu, si angesoma yeye hizo kurasa?

Jambo la makaratasi nalo mawakala hawalisemi. Cozumel ni Mexico. Ukipanda meli ile umetoka Marekani. Kama kesi yako ya hifadhi ya ukimbizi haijaisha, au umeomba grini kadi, yaani ukaazi wa kudumu, ukiwa ndani ya Marekani na bado unasubiri, zungumza na mwanasheria wako kabla hujalipa hata senti, maana unaweza kujifungia mlango kwa safari ya siku nne. Mwenye grini kadi abebe kadi pamoja na pasipoti ya kwao, iwe ya Tanzania, Kenya au Kongo, na aangalie kama nchi za njiani zinamtaka viza. Watoto raia wa hapa, kwa safari inayoanza na kuishia bandari ile ile ya Marekani, cheti cha kuzaliwa kinawatosha, ila pasipoti ni salama zaidi. Na mwenye kichanga, meli nyingi hazimpokei mtoto kabla ya miezi 6, na zile za siku nyingi mfululizo baharini zinataka mwaka mzima.

Wiki iliyopita wakala wangu kanipigia, ana ofa ya Machi, "dada, hii ukiikosa utajuta". Nikamwambia sawa, niandikie jina la meli, na mtoto mwenye pampasi ataoga wapi. Akasema anaangalia, atanipigia baada ya dakika tano. Leo Jumatano.