Simu ya kukunja au kitochi cha kawaida? Mpangilio wangu baada ya kumnunulia shangazi simu tatu

Shangazi yangu wa Ujiji alipewa simu janja na mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Wiki mbili hazijaisha akanikabidhi mimi, kaifunga kwenye kipande cha kanga. "Mwanangu, hii simu inapokea kabla sijaigusa, na nikimaliza kuongea haikati. Juzi wifi yako kanisikia ninavyomsema." Alichotaka ni simu ya kufunika: unaifunua unaongea, unaifunika maneno yamekwisha.

Nikadhani ni kazi ya nusu saa pale Mwanga, hapa Kigoma mjini. Ikanichukua miezi sita na simu tatu. Nilichojifunza ni kwamba simu ya kukunja ni nzuri kwa mtu fulani tu, na huyo mtu pengine siyo wewe. Ndiyo maana kwenye mpangilio huu nafasi ya kwanza nimeipa simu isiyokunjwa kabisa.

Vigezo vyangu ni vitatu. Kwanza, betri itoke kwa ukucha, bila fundi. Pili, ikiharibika fundi wa hapa Kigoma awe na spea yake, isiwe ya kuagiza Kariakoo na kusubiri. Tatu, vitufe vya nyota (*) na reli (#) viwe na afya. Hicho cha tatu watu wengi hukisahau. Kila siku pesa zetu zinapita kwenye vitufe hivyo viwili: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa Halopesa, *150*01# kwa ile tuliyoizoea kama Tigo Pesa. Menyu hizi hazihitaji intaneti, mnara wa 2G unatosha, lakini kitufe cha reli kikifa umekwama. Kigoma tunajiita mwisho wa reli, basi na kila muamala wetu mwisho wake ni reli.

Ya kwanza: Nokia 105, au 106 ukiipata

Jina "kitochi" tumelizoea tangu enzi za Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile yenye tochi kichwani. Nokia 105 ni mjukuu wake. Haina kamera wala mbwembwe. Ina tochi, redio, sehemu ya laini na vitufe vya mpira ambavyo vumbi haliingii kirahisi. Ya mwaka 2019 ilikuja na betri ya 800 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri), ya mwaka 2023 ikaongezwa hadi 1,000 mAh. Nokia 106 ya mwaka huohuo wa 2023 ina betri ya 1,450 mAh na nafasi ya memori kadi, kwa hiyo kama unapenda kaswida au muziki bila kutegemea redio, ongeza hela kidogo uchukue hiyo.

Sababu ya kuipa nafasi ya kwanza ni mwalo wa Kibirizi. Ukienda asubuhi wavuvi wanaporudi na dagaa, tazama simu wanazozitoa mfukoni. Mtu anayekaa ziwani usiku kucha wakati wa giza, mikono ina maji na mafuta, hataki kitu chenye bawaba. Kitochi kikidondoka ndani ya mtumbwi kinaachana vipande vitatu: mfuniko, betri, simu. Unavipangusa, unavirudisha, unawasha. Na betri zake kila kibanda cha simu kinazo, chaja ya kobe, ile inayobana betri nje ya simu, kila kijiwe kinayo. Kijijini ambako chaji ni ya sola ya jirani, unampelekea betri peke yake na simu unabaki nayo, laini yako haizunguki mikononi mwa watu.

Kumbuka simu hizi zinatengenezwa na kampuni ya HMD ya Ufini, na mpya zaidi zimeanza kuandikwa HMD 105 badala ya Nokia. Ukiona hivyo usidhani ni feki.

Ya pili: Nokia 2660 Flip (na kwa mzee, hii ndiyo ya kwanza)

Hii ndiyo anayo shangazi sasa. Ilitangazwa mwaka 2022, ina kioo cha ndani cha inchi 2.8 na kidogo cha nje cha inchi 1.77 kinachoonyesha saa na jina la anayepiga. Betri ni 1,450 mAh na inatoka. Inashika 4G. Chaja yake ni ile ya micro-USB ambayo nusu ya nyumba za Kigoma bado wanayo kwenye droo.

Utamu wake ni namba. Vitufe ni vikubwa, vimeachana, mtu mwenye miwani iliyovunjika mkono mmoja anaviona. Pembeni kuna kitufe cha dharura: ukikibonyeza kwa muda, simu inapiga kwa watu uliowachagua, hadi watano, mmoja baada ya mwingine. Kwa mzee anayelala peke yake, kitufe hicho kinalipia bei yote. Inakubali pia vifaa vya kusaidia kusikia, kwa wanaovitumia.

Lakini usiinunue ukidhani ni simu janja iliyokunjwa. Haina WhatsApp. Kamera yake ni ya kujaza nafasi tu, picha ya mbuzi unaweza kuikuta inafanana na ya gunia. Kisha kuna bei: wakati kitochi kilipatikana kwa elfu thelathini au arobaini hivi, hii niliambiwa laki moja na ushee, na huo ushee ulibadilika kutoka duka hadi duka siku hiyohiyo. Ombeni bei, jamani. Na si kila duka la hapa linayo, mimi niliipata duka la nne, kwenye Mtaa wa Lumumba, ikiwa nyuma ya kabati imeshapata vumbi la mwaka.

Udhaifu wa simu yoyote ya kukunja uko kwenye bawaba. Ndani yake unapita mkanda mwembamba unaobeba umeme na picha kutoka upande wa vitufe kwenda upande wa kioo. Kila ukifunua, mkanda unajipinda. Ukiwa imara unavumilia miaka, ukiwa wa hovyo unachanika taratibu. Nitakuja kueleza ya hovyo.

Ya tatu: vitochi vya itel na Tecno

Hivi ndivyo vingi zaidi mtaani na ndivyo vya bei rahisi. Laini mbili, tochi kali, redio inayosikika mpaka kwa jirani, na baadhi vina betri nene zinazokaa siku nyingi. Kwa kijana wa bodaboda mwenye simu janja tayari, anayetaka simu ya pili ya laini ya pesa, sioni sababu ya kununua kingine. Nimevishusha hadi nafasi ya tatu kwa kuwa maandishi ya vitufe kwenye vile nilivyowahi kutumia yalifutika mapema, na kwa kuwa matoleo ni mengi mno: betri ya hiki haiingii kwenye kile. Ukinunua, nunua na betri ya akiba siku hiyohiyo.

Ya nne: Nokia 2720 Flip iliyotumika

Ya mwaka 2019, inatumia mfumo wa KaiOS. Ilikuwa tamu kwa sababu ilikuwa na WhatsApp. Utamu huo umekwisha: WhatsApp iliacha kupakuliwa kwenye KaiOS Juni 2024, na mwanzoni mwa 2025 ikaachwa kabisa. Muuzaji akikwambia "ina WhatsApp hii, kaka", mwambie aifungue mbele yako. Hoja hiyohiyo inavihusu na vitochi vya KaiOS. Bila WhatsApp, 2720 ni simu ya kukunja nzuri ya mtumba, basi, ilipe bei ya mtumba.

Ya tano: ya kukunja iliyotumwa kutoka nje

Mkoa huu una watu wengi wenye ndugu Marekani, hasa waliopitia kambi ya Nyarugusu, na vifurushi vinakuja. Simu nyingi za kukunja za kule zimefungwa kwa mtandao wa kule, hazikubali laini yetu mpaka zifunguliwe. Hata ikifunguliwa, 2G ya kwetu iko kwenye masafa ya 900 na 1800, na ya Marekani ilikuwa 850 na 1900, hivyo hakikisha simu inashika yetu. Ukitumiwa bure pokea. Kununua, hapana.

Ya mwisho: ile yenye jina linalofanana na jina

Hii ndiyo iliyonila. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu, inakunjwa, inang'aa, muziki wake wa kuwaka ni kama wa arusi. Jina lake lilikuwa la kampuni kubwa, ila herufi moja imebadilishwa. Muuzaji, duka silitaji, alinipa waranti ya mdomo. Nikampelekea shangazi, akafurahi, akawaonyesha wenzake msikitini.

Mwezi wa nne kioo kikaanza tabia. Ukifunua nusu unaona kila kitu, ukifunua yote kinakuwa cheupe. Shangazi akawa anaongea kaishika kama kopo la unga, nusu wazi, anachungulia. Fundi wa Mwanga akaifungua mbele yangu, mkanda wa kwenye bawaba umechanika nusu. "Spea?" nikauliza. Akacheka. Simu hiyo haijulikani kiwanda wala ukoo, spea yake itatoka wapi? Nikarudi dukani, waranti ya mdomo nayo ikawa imeshamezwa na mate.

Kosa lilikuwa langu, maana kipimo ninakijua. Kabla ya kutoa hela piga *#06#, IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itatokea (simu ya laini mbili inatoa mbili). Linganisha na iliyo kwenye boksi na iliyo chini ya betri. Kisha tuma namba hiyo kwa meseji kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, utajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu likitaja simu nyingine au likikataa, rudisha simu kabatini. Simu feki zilizimwa nchini Juni 2016, na wengine bado tunazinunua.

Kama umeng'ang'ania ya kukunja, fanya na haya hapohapo dukani, muuzaji akununie akitaka. Washa redio, kisha ifunue na kuifunika mara ishirini: sauti ikikatika au kioo kikipepesa, ondoka. Shika mfuniko na ujaribu kuutikisa kushoto na kulia, ukicheza kama jino bovu, ondoka. Piga simu ya kweli, siyo kubip. Piga *150*00# au menyu ya mtandao wako uone kama nyota na reli vinaitika kwa mguso mmoja. Chukua risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa.

Siku ya kwanza na simu

Majina kwanza. Mtu anayetoka kwenye simu janja atakuta majina yake hayapo, kwa sababu yalikuwa kwenye akaunti ya barua pepe wala si kwenye laini. Yanakili kwenda kwenye laini kabla hujaitoa. Laini nyingi zinabeba majina kama 250, kwa hiyo mafundi bomba wa mwaka 2017 waache. Kama laini ilikatwa ndogo, omba kile kifremu cha plastiki cha kuikuza, usiitie uchi kwenye tundu kubwa maana itakwama. Na ukiwa unashika shika laini, piga *106# uone namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Zima kamusi ya kubashiri maneno kwenye meseji. Imejaa Kiingereza, ukiandika "dagaa" inakuletea mambo yake. Wanaokaa Kagunga au Manyovu wachague mtandao kwa mkono kwenye mipangilio, la sivyo simu itanasa mnara wa Burundi na salio litakwenda bila kuaga. Redio kwenye simu nyingi inataka waya wa hedifoni uwe antena, usirudishe simu dukani kabla ya kuuchomeka.

Kwa ya kukunja, amua kama simu ipokee yenyewe unapoifunua. Shangazi alikataa. Anataka kwanza asome jina kwenye kioo cha nje, ndipo aamue kama anakustahili.

Kazi ya mwisho ilikuwa namba za haraka, zile unazobonyeza kwa muda simu ikapiga yenyewe. Nikaweka 2 mwanawe wa Dar es Salaam, 3 mimi, 4 bodaboda wake wa kumpeleka sokoni. Akajaribu zote tatu, akazifunika moja baada ya nyingine kwa kishindo, akanirudishia simu. "Sawa, mwanangu. Ila huyo wa pikipiki mlete kwenye mbili."