Woking kwa siku moja: msikiti wa 1889, bustani ya askari na uwanda wa Horsell

Woking, katika jimbo la Surrey, ni mji wa wafanyakazi wanaokwenda London asubuhi na kurudi jioni. Ukishuka stesheni unapokewa na maghorofa marefu na maduka, ndiyo maana wengi wetu tunaoishi London tunaujua kwa kupita tu. Nilikwenda na shangazi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, na kwa mtu wa kwetu sijaona mji mwingine wa karibu na London wenye mambo yanayotuhusu kiasi kile. Treni ya moja kwa moja kutoka Waterloo ni kama nusu saa. Nendeni Jumamosi, baada ya msongamano wa asubuhi.

Anzeni na Msikiti wa Shah Jahan, Oriental Road, karibu na reli. Ulijengwa 1889, wa kwanza Uingereza kujengwa tangu msingi kuwa msikiti, si nyumba iliyogeuzwa. Aliyeujenga, Gottlieb Wilhelm Leitner, alizaliwa Hungaria katika familia ya Kiyahudi, akaongoza chuo Lahore, kisha akaja Woking kufungua taasisi ya lugha na elimu za Mashariki. Sehemu ya fedha ilitoka kwa Begum Shah Jahan, mwanamke aliyekuwa mtawala wa Bhopal huko India, na jina la msikiti ni lake. Leitner alipofariki 1899 ulikaa bila kutumika ipasavyo, hadi Khwaja Kamal-ud-Din alipoufufua 1913.

Ni mdogo kuliko unavyoonekana kwenye picha. Kuba la kijani, mwezi juu yake, na ndani nafasi ya safu chache tu. Waumini wakiwa wengi husali katika majengo ya pembeni. Udogo huo ndio ulionigusa. Shangazi alisali rakaa mbili, akakaa kitako muda mrefu, kisha akaniambia, “Mwanangu, hapa watu walikuwa wachache, lakini walisimamisha sala.” Ijumaa mchana pana watu wengi, kwa hiyo anayetaka kuangalia jengo kwa utulivu achague siku nyingine. Na mkiwa kundi, pigeni simu kabla.

Kutoka hapo mnaweza kwenda kwa miguu hadi kwenye bustani ya amani, pembeni mwa uwanda wa Horsell. Hapa ndipo ningetaka kila Mswahili afike. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari Waislamu wa Jeshi la India, lililopigana chini ya Waingereza, waliojeruhiwa Ufaransa walitibiwa kusini mwa Uingereza, na Wajerumani wakaeneza habari kwamba wanaokufa hawazikwi kwa taratibu za dini yao. Serikali ya Uingereza ikajenga hapa makaburi yao, yakakamilika 1917: ukuta wa matofali na lango lenye kuba, kama umekatwa kutoka Delhi ukawekwa katikati ya misonobari. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mabaki ya askari yalihamishiwa makaburi ya Brookwood kwa sababu ya uharibifu, na mahali pakabaki ukiwa hadi bustani ilipofunguliwa 2015. Leo kuna miti 27 ya magome meupe yenye asili ya Himalaya, mmoja kwa kila askari aliyezikwa pale, pamoja na bwawa refu la maji yaliyotulia.

Sisi watu wa Tanga tunalijua jeshi lile. Vikosi vyake ndivyo vilivyoshushwa ufukweni kwetu Novemba 1914 na kushindwa na askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Shangazi alisoma majina yote taratibu. Hakuna kiingilio, na sehemu za kukaa zipo.

Uwanda wa Horsell wenyewe ni vichaka vifupi, misonobari na mchanga. Mwezi Agosti vichaka huchanua zambarau. Mwandishi H. G. Wells aliishi Woking miaka ya 1890, na katika riwaya yake ya 1898, The War of the Worlds, viumbe kutoka Mirihi wanatua kwenye mashimo ya mchanga ya hapa hapa. Watoto wataifurahia habari hiyo, hasa wakishaona mjini sanamu ya chuma ya mtambo wa miguu mitatu wa viumbe hao, mrefu kama mita saba. Vaeni viatu vizuri, maana baada ya mvua njia ni tope, na vibao nilivyoviona havikutosha. Wekeni ramani kwenye simu kabla ya kuingia. Anayechoka haraka aende kwenye njia ya kando ya Mfereji wa Basingstoke, ni tambarare na unapita mjini.

Makaburi ya Brookwood, kituo kimoja mbele kwa treni, msiyabane jioni ya siku hiyo hiyo. Yalifunguliwa 1854 na ni makubwa mno. Zamani treni maalumu za mazishi zilitoka Waterloo zikiwa na majeneza. Wamezikwa pale Marmaduke Pickthall na Abdullah Yusuf Ali, ambao tafsiri zao za Qurani kwa Kiingereza zimo katika nyumba nyingi za kwetu. Sisi tulifika jua likielekea kuzama, tukapata sehemu ndogo tu. Yatengeeni siku yake, fikeni asubuhi, na mtafute kwanza sehemu ya Waislamu kwenye ramani.