Toyota Vitz au Honda Fit kwa barabara za Mwanza?
Kwa nyota za Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, Vitz inaongoza: Yaris, jina lake la Ulaya, ilipata 5 mwaka 2005; Jazz, yaani Fit, ilipata 4 mwaka 2004. Ila vipimo vya enzi hizo vilikuwa vyepesi kuliko vya leo.

Kwenye magari yaliyoitwa kurekebishwa, hakuna msafi. Toyota na Honda zote ziliita mamilioni kwa sababu ya mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Japani. Kemikali ya kujaza mfuko huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha kopo la chuma linaloibeba hupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Na joto na unyevu huku ziwani tunavyo! Ningechukua Vitz, lakini kwanza nihakiki namba ya chesisi kwenye tovuti ya Toyota Japani. Muuzaji akiificha, achana naye.