Huduma ya kusawazisha mashine ya kukatia mianzi, Iringa mjini

Fundi wa karakana hii alikuja mwenyewe hadi Mafinga kusawazisha mashine yangu inayoongozwa na kompyuta, ambayo hukata vipande vya mianzi vya kutengenezea fimbo za kuvulia samaki. Fimbo ya namna hii huundwa kwa vipande sita vya pembetatu, kila pembe ikiwa nyuzi 60, na kwa kuwa vipande hutazamana viwiliviwili, kosa la milimita 0.05 katika kimo cha kila kipande huwa 0.1 katika unene wa fimbo.

Fundi niliyemwita awali alibadilisha namba kwenye skrini, akachukua pesa yake, akaondoka. Huyu alikata kwanza kipande cha majaribio, akakipima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) kutoka kila ncha hadi ubavu unaoitazama, na alipopata milimita 3.10, 3.10 na 3.22, ilhali vipimo vyote vitatu vinapaswa kulingana, akasema, "Mzee wangu, tusiiguse kompyuta kwanza, kisu kimekaa upande." Alikilaza upya, akakaza skrubu ya kusogezea meza iliyokuwa imelegea, kisha akarudia kupima hadi tofauti ikawa 0.02. Alikataa kabisa kutumia mwanzi wangu mbichi (ndiyo, ule wa kugemea ulanzi, pombe ya mianzi), kwa sababu hunywea ukikauka na vipimo vyote huharibika.

Alichelewa kwa saa mbili, na nauli aliitaja baada ya kazi badala ya kuijumuisha katika bei tuliyopatana. Hata hivyo, nitamwita tena kabla ya masika.