Makumbusho ya Reli Nairobi: tulimfuata Shengena

Baba yangu ana miaka 86 na magoti yake hayamtii tena. Lakini mwezi uliopita, pale Makumbusho ya Reli Nairobi, alishika vyuma viwili vya ngazi akapanda mwenyewe hadi chumba cha dereva cha injini namba 5918, Mount Gelai. Nilisimama chini nimenyoosha mikono nimdake. Hakunihitaji.

Tulitoka Same kwa ajili hiyo tu. Baba alikuwa fayamani, mtunza moto wa injini, wa reli ya Afrika Mashariki, sisi watoto tukikulia Nairobi kwenye landi za Muthurwa, nyumba za wafanyakazi wa reli, hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akarudi Upareni na sanduku moja la mbao. Kabla ya safari, wakala mmoja wa utalii alimwambia mwanangu kwamba pale hakuna cha kuona, ni vyuma chakavu, afadhali mzee apelekwe mbugani. Maneno hayo yaliniuma, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kuna injini za kila umri pale uani, zimepangwa kwenye reli zake kama zinasubiri bendera ya kijani. Mtu anaweza kumaliza siku nzima. Lakini ukiwa na saa moja tu, nenda moja kwa moja kwenye zile injini mbili za daraja la 59, yaani aina ambayo namba zake huanza na 59. Zilitengenezwa 34, na kiwanda cha Beyer Peacock huko Manchester, mwaka 1955 na 1956. Kila moja ina tani 252, na kwenye reli ya upana wa mita moja hapakuwa na injini ya mvuke duniani iliyozishinda nguvu. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Nyingine zote zimekwenda kukatwakatwa. Zilizobaki ni mbili, zote ziko hapa, na zote zina majina ya milima ya Tanzania: Gelai, ulio karibu na Ziwa Natron, na Shengena, namba 5930, kilele cha juu kuliko vyote huko kwetu Upare Kusini. Baba anasema siku aliyopangiwa 5930 wenzake walikuwa wanampigia kelele karakana nzima, "Leo Mpare anaenda kwao!" Alipoisoma tena ile namba alivua kofia.

Mjukuu wangu alitembea kutoka ncha hadi ncha akihesabu magurudumu: 14 upande mmoja. Akauliza kwa nini boila iko katikati, imening'inia kati ya tangi la maji la mbele na tangi la nyuma. Baba akamchukua mkono akauweka kwenye maungio, pale boila inapokalia mitambo miwili yenye pistoni zake. Akamwambia kila mtambo unakata kona kivyake, na boila inafuata. Injini ndefu kiasi hiki isiyojikunja isingeweza zile kona za kupanda kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Mtoto alielewa papo hapo, kwa kiganja chake. Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote mahali hapa: unagusa. Nimeshaingia makumbusho ambako kila kitu kimezungushiwa kamba na mlinzi anakufuata kisogoni.

Ndani ya chumba cha dereva cha Gelai, baba alikaa, akanyamaza, kisha mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye valvu. Hakuitazama. Daraja la 59 zilichoma mafuta mazito, si makaa, kwa hiyo kazi ya fayamani haikuwa koleo, ilikuwa macho. Moshi ukiwa mweusi, mafuta yanapotea bure. Ukitoweka kabisa, hewa imezidi na boila inapoa. Unaotakiwa ni ukungu mwembamba wa kijivu, na kila mlima unapobadilika unabadilisha valvu, usiku kucha. Tena masizi yakiganda kwenye mirija, unachota mchanga unaurusha kidogo kidogo kwenye moto, mvuto wa bomba la moshi unaupitisha mirijani kwa kasi na kuyakwangua. "Ukifanya hivyo karibu na stesheni," alisema, "mama zako waliokuwa wameanika nguo hawakusamehe." Kijana aliyekuwa anatuongoza aliomba aruhusiwe kuyaandika. Akatoa daftari, akakaa sakafuni.

Mengine nitayapitia haraka. Injini ya 3020, Nyaturu, iliyojengwa Glasgow, itawagusa watu wa Singida. Behewa ambalo simba alimtoa afisa wa polisi Ryall pale Kima, Juni 1900, watoto hulikimbilia kwanza. Baba hakulijali, aliliona ni habari ya bwana mkubwa mmoja wakati vibarua kutoka India waliokufa wakiijenga reli ile ni kama 2,500.

Waingereza mwaka 2025 wameadhimisha miaka 200 tangu treni ya Stockton na Darlington, reli ya kwanza ya umma kutumia injini ya mvuke, na injini zao kongwe zikatolewa watu wakazishangilia. Reli yetu ilifika ziwani Kisumu Desemba 1901, kwa hiyo Desemba 2026 ni miaka 125. Gelai ilishafufuliwa na kuvuta abiria tena miaka ya 2000. Naomba kwa moyo wote iwashwe tena siku hiyo, wakati bado wapo wazee wanaojua kuusoma moshi wake.

Kwa mwenye mzee: sisi tulipita Holili na Taveta hadi Voi, tukapanda SGR, kisha Syokimau tukaunganisha treni ya mjini hadi stesheni kuu ya zamani. Makumbusho yako jirani, hakuna mwendo mrefu. Fikeni asubuhi kabla vyuma havijashika jua, mvae viatu vya kufunika, mbebe maji na kitambaa. Kitambaa ni muhimu. Baba alikitumia kufuta vumbi kwenye namba 5930, tarakimu moja moja, na tukachelewa treni ya kurudi tukimsubiri amalize ile sifuri.