Kontroboksi ya injini: mtumba au kukarabati?
Kontroboksi (kompyuta inayoendesha injini) ya Toyota ikifa, kuna kununua ya mtumba au kufungua hiyohiyo na kuikarabati.

Ya mtumba ni ya haraka, ila namba ya kwenye kibandiko, mara nyingi huanza na 89661, lazima ifanane yote. Gari likiwa na imobilaiza (kinga ya wizi inayozuia injini isipotambua ufunguo), injini itawaka kidogo na kuzima mpaka boksi jipya litambulishwe kwa imobilaiza. Kwa Toyota nyingi fundi huunganisha pini 4 na 13 za soketi ya OBD (ya kuchomeka mashine ya kupima gari), swichi ya ufunguo ikiwa ON, kwa dakika 30. Vumilia tu.

Kukarabati huchelewesha, lakini kodi (namba za siri) za ufunguo na programu hubaki zilezile. Kama ni kapasita (vifaa vidogo vya kutunza chaji kwenye bodi) zimevuja, nakarabati bila kujiuliza. Maji yakishakula bodi, nakwenda mtumba. Ila fyuzi na waya wa ethi (unaounganisha na bodi ya gari) vipimwe kwanza!