Nyari ya Marafa: kiingilio kinalipia hadithi

Nianze na hukumu yangu, wengine msome mkipenda. Ukienda Marafa kwa ajili ya picha peke yake, utasimama ukingoni, utabonyeza simu, na baada ya dakika kumi utakuwa unatafuta soda. Bonde la Nyari ni zuri, sibishi, lakini unapolipa pale langoni hasa unamlipia mtu wa kukuteremsha na kukusimulia. Wetu alikuwa hodari. Nampa tano kwa tano, na mahali penyewe nne, sababu zake nitazitaja.

Marafa ni kijimji cha Magarini, ng'ambo ya mto Sabaki, kilomita thelathini na kitu kutoka Malindi. Matatu zinakwenda, ila sisi tulikodi gari kwa kuwa nilikuwa na shangazi yangu wa Mombasa, ambaye magoti yake na matatu hawaelewani, na wanangu wawili. Wauza safari wa Malindi hupaita Hell's Kitchen. Ukipotea njiani uliza Nyari, hata mtoto atakuonyesha.

Jambo la kushikilia ni saa. Kampuni moja ya kutembeza wageni ilitaka tuondoke asubuhi, tuzunguke, saa saba tuwe mezani tunakula. Nikakataa. Jua la Magarini la adhuhuri halina huruma, na kule chini kuta zimekuzunguka, upepo haufiki. Isitoshe, mchana rangi zote hupauka. Tulitoka baada ya Alasiri na tukaanza kuteremka jua limeshalegea. Hapo ndipo kuta zilipoanza kusema: nyeupe, waridi, chungwa, na chini kabisa tabaka la damu ya mzee. Kuna nguzo zimechongoka kama minara, na katikati vijia vyembamba ambavyo mtu mnene hupita ubavu. Mtembezaji alitueleza kwamba hapa palikuwa na kilima cha mchanga ulioshikana, mvua na upepo vikakila kidogo kidogo, na kwamba wekundu ule ni wa chuma kilichomo ndani ya udongo. Na kazi haijaisha. Kila masika yanapita na chao.

Hayo aliyasema haraka haraka, kama mtu anayelipa deni. Kisha akasimama kivulini akauliza, "Mama, niwape ile fupi ya wageni au ile ya nyumbani?" Shangazi akajibu kwamba hakutoka Mombasa kufuata fupi.

Basi palikuwa na ukoo wenye ng'ombe wasiohesabika. Maziwa yakawa mengi hata wakaacha maji: wakioga, wanaoga maziwa, wakifua, wanafua kwa maziwa. Mungu akachukia ufujaji ule, ardhi ikapasuka, ukoo ukamezwa na mali yake. Weupe unaouona ukutani ni maziwa, wekundu ni damu yao. Kwa maneno yangu ni mistari minne. Yeye aliisimulia kwa muda wa kutosha kuchemsha chai, akituonyesha kwa kidole josho lilikuwa wapi na zizi wapi. Shangazi akamkatiza: "Mwanangu, na majirani waliokuwa wakiona hayo, walikuwa hawana watoto wa kunywa?" Kijana akacheka. "Walikuwa nao, mama. Ndiyo maana hadithi imebaki, walioisimulia ni wao."

Tulipopanda tukamkuta hawe mmoja, yaani bibi kizee, anauza korosho. Aliposikia tumepewa ya maziwa akatikisa kichwa. Yake haina ng'ombe hata mmoja. Wanakijiji waliambiwa na Mungu wahame, kwa kuwa pale patatendeka muujiza. Wakahama wote isipokuwa ajuza mmoja aliyekataa kuacha nyumba yake, na usiku pakadidimia naye. Shangazi akawa upande wa ajuza moja kwa moja: "Umri ule angekwenda kuanza wapi?" Mjadala huo ulitufikisha Sabaki. Ushauri wangu: mwombe mtembezaji wako zote mbili, maana asipoombwa atatoa ya maziwa tu, ndiyo inayolingana na rangi.

Mwombeni pia habari za Mekatilili wa Menza, kwa sababu kaburi lake liko Bungale, huko huko Magarini. Huyu ndiye aliyewakusanya Wagiriama mwaka 1913 kwa ngoma ya kifudu na kuwaapisha wasiwatumikie Waingereza. Wakamkamata, wakampeleka mbali magharibi ya Kenya, akatoroka akarudi pwani kwa miguu. Alifariki miaka ya 1920. Mtembezaji alitusimulia haya kwa sauti ile ile aliyotumia kwa wale waoga maziwa, na mwanangu mdogo akauliza kama Mekatilili aliwaona wakizama. Sikumlaumu. Kesho yake nilimpeleka akaione sanamu yake pale Malindi mjini.

Sasa ile nyota moja niliyoipunguza. Ukingoni hatukuona kizuizi chochote, na ardhi yenyewe ni ya kubomoka, kwa hiyo mtoto ashikwe mkono muda wote. Njia ya kuteremka ina mchanga unaoteleza. Ndara acha garini. Shangazi alipewa fimbo akashuka salama, lakini mwenye magoti mabaya zaidi yake abaki juu, mandhari ataiona vizuri. Mvua ikiwa imenyesha siku hiyo, ahirisha. Maji ya kunywa beba kutoka Malindi. Mkazi halipi sawa na mgeni wa nje, basi chukua kitambulisho, na ulizia mapema kama ada ya mtembezaji imo ndani ya kiingilio au iko kando, maana sisi tuliambiwa hilo wakati wa kuondoka.

Wanaokwenda kwa matatu wapatane kabisa na bodaboda ya kurudi kabla ya kuteremka bondeni, kwa sababu ukingoja machweo kama nilivyokushauri, utatoka giza limeingia. Na mananasi ya barabarani nunua wakati wa kwenda. Tuliporudi vibanda vyote vilikuwa vimeshafungwa, na shangazi hakunisamehe.